Samaki Mbichi na Ubao Mkavu



Ni mithali chache zinazotajwa katika mikutano ya wazazi kama hii: samaki mkunje angali mbichi. Twaisikia kwa wazee wa kanisa, twaisikia kwa walimu wakuu, twaisikia kwa mgeni rasmi siku ya mahafali ya darasa la saba. Ikiisha kutajwa, watu hutikisa vichwa kwa kukubali, na mazungumzo huwa yamekwisha. Hatuna nia ya kuitupa mithali hii, kwa kuwa wazee waliotuachia hawakuwa wajinga. Lakini mithali ni kama dawa: ina ugonjwa wake inaoutibu, na ukiinywa kwa kila ugonjwa yaweza kukudhuru. Kwa hiyo tumeona vema mwezi huu tuulize swali moja. Je, kumlea mtoto ni kumkunja? Na kama ni kumkunja, twataka mkunjo wa namna gani?

Hatuulizi kwa kupenda mabishano. Mwaka huu mzazi mmoja alitujia akiwa na huzuni kubwa. Mwanawe wa kiume alikuwa sifa ya nyumba yake. Akiitwa huitika, akitumwa huenda, hakupata kumjibu baba yake neno hata siku moja. Alipomaliza shule alikwenda mjini kujifunza ufundi wa magari, na kabla ya mwaka kutimia akakamatwa na polisi, amebeba mali ya wizi aliyopewa na wenzake akaifiche. "Mwalimu," akasema yule baba, "mtoto huyu hakunikatalia jambo tangu azaliwe. Imekuwaje?" Hatukuwa na jibu siku ile. Jibu, au sehemu ya jibu, tulikuja kuliona mahali ambapo hatukulitafuta, yaani katika karakana ya seremala.

Vijana wa parokia walikuwa wameomba kutengeneza pinde kwa ajili ya michezo ya sikukuu ya mavuno. Wengine waliguna waliposikia, wakiona si vema silaha itengenezwe chini ya kivuli cha kanisa. Tuliwajibu kwamba kuwinda bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, na kwamba kitakachopigwa mishale ni gunia lililojazwa majani makavu, basi. Tena upinde ni mmoja wa walimu wa kale wa wanadamu. Katika pango la Sibudu, Afrika ya Kusini, wataalamu wamefukua vichwa vidogo vya mawe na mifupa ambavyo wanaviona kuwa dalili za mishale ya zaidi ya miaka 60,000 iliyopita. Huko Holmegaard, nchi ya Denmark, mwaka 1944 zilipatikana katika matope pinde za miaka ipatayo 9,000. Na hapa petu Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wangali wakichonga pinde zao kwa mti wa mkole na kuzifunga ugwe wa kano za mnyama. Chombo kilichokaa na watu muda mrefu namna hiyo hakikosi neno la kutuambia.

Mhadzabe huanza na mti wa porini. Vijana wetu walianza na ubao, kwa sababu ubao ndio unaopatikana. Tulitafuta mbao za mtiki, mti ambao wengine huuita msaji, unaopandwa katika msitu wa serikali wa Longuza wilayani Muheza. Kila ubao ulipaswa kuwa na urefu wa sentimeta 180, upana wa sentimeta 5 na unene wa sentimeta 2. Kijana mmoja alitaka kuchukua ubao wa kwanza aliouona, maana ulikuwa safi na rangi yake ilipendeza. Seremala wetu, mzee wa miaka mingi katika kazi, akamzuia. "Mwanangu," akasema, "kwa kabati utachukua huo. Kwa upinde, usinunue ubao, nunua nyuzi."

Maana yake ni hii. Mti umejengwa kwa nyuzi ndefu nyembamba zilizolala pamoja kutoka shinani hadi kileleni. Nguvu ya upinde imo katika nyuzi hizo, ikiwa zinakwenda moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha. Lakini msumeno wa kiwandani haujali nyuzi. Wenyewe hufuata mstari wake. Mti ukiwa umejipinda kidogo, msumeno hupita njia yake na kuzikata nyuzi katikati, nazo hutokea ubavuni mwa ubao. Kwa macho ubao umenyoka kabisa, lakini ndani yake umekatika. Ukiukunja, hupasuka palepale nyuzi zilipotokea. Tulipindua mbao zaidi ya ishirini tukapata tatu.

Hapo tulijifunza jambo la kwanza. Unyofu wa nje si ushahidi wa unyofu wa ndani. Shule nyingi na nyumba nyingi husifiwa kwa sababu watoto wake wamenyoka kama mbao za kiwandani: mistari mizuri, sare safi, hakuna anayenong'ona. Hatusemi mambo hayo ni mabaya. Twasema tu kwamba yafaa mtu ageuze ubao ubavuni atazame nyuzi. Na tena, ubao ambao nyuzi zake zimekatwa haukujikata wenyewe. Watoto wengi hutufikia wakiwa wamekwisha kupita kwenye msumeno: huyu amefiwa na mama, yule aliachwa kwa bibi akiwa bado ananyonya, mwingine amekua akitazama ugomvi kila jioni. Fundi mwenye hekima akipata ubao kama huo hautupi. Hubandika mgongoni mwake kitambaa imara, au nyuzi za katani, kwa gundi, ili mahali palipo dhaifu pashikwe. Twafikiri hiyo ndiyo kazi ya wadhamini wa ubatizo. Hawakuwekwa ili watajwe siku ya sherehe na kupigwa picha. Waliwekwa ili wawe kitambaa cha mgongoni.

Sasa tufike kwenye jambo lililotushangaza zaidi. Mmoja wa vijana, kwa kuikumbuka ile mithali, alishauri tutafute mti mbichi, kwa kuwa mbichi hukunjika kwa urahisi. Seremala alicheka. Akakata kijiti kibichi cha mpera, akakikunja mpaka ncha zikakaribiana, kisha akakiachia. Kijiti hakikurudi. Kilibaki kimejikunja vilevile kama mkono uliozoea kuombaomba. Kisha akachukua kipande chembamba cha mtiki mkavu, akakikunja kwa taratibu, akakiachia, nacho kikarudi kwa kishindo kikatuliza vidole. "Kipi kitarusha mshale?" akauliza.

Sababu yake si fumbo. Upinde ukivutwa, upande wa mbele unaotazama shabaha, ambao mafundi huuita mgongo, hunyooshwa. Na upande wa ndani unaomtazama mpigaji, uitwao tumbo, hubanwa. Mti ukiwa umekauka vizuri, unyevu wake umebaki karibu sehemu 10 katika 100, nyuzi hustahimili kuvutwa na kubanwa kisha hurudi mahali pake. Ukiwa mbichi, nyuzi za tumboni zimelegea. Zikibanwa hupondeka wala hazirudi. Mti umepata umbo ulilolitaka, lakini umepoteza nguvu. Mkunjo uliobaki ni kumbukumbu tu ya mkono uliokunja.

Hebu sasa tuitazame tena mithali yetu. Samaki hukunjwa kwa nini? Hukunjwa ili atoshe katika tenga, au chunguni, au apangwe vizuri juu ya uchanja wa kukaushia. Mkunjo huo una faida kwa mchukuzi na kwa mpishi. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba samaki wa mithali ni samaki aliyekwisha kuvuliwa. Hatakiwi tena kuogelea. Hakuna anayemkunja samaki ili samaki huyo aende popote.

Mtoto anatakiwa aende. Mwandishi wa Zaburi ya 127 aliwafananisha watoto na mishale mkononi mwa shujaa, na mshale usiotoka katika podo haujafanya kazi yake. Basi ikiwa kulea ni kukunja, kuna mikunjo miwili. Kuna mkunjo wa samaki na wa kijiti kibichi, ambao hubaki vilevile ulivyowekwa. Na kuna mkunjo wa upinde, ambao hurudi, na katika kurudi kwake ndimo ilimo nguvu yote. Mkunjo wa kwanza ni rahisi kuupata, tena ni wa kupendeza kwa mzazi, maana matokeo yake huonekana upesi. Hatari yake ni kwamba kilichokunjika upesi kwa mkono wangu kitakunjika upesi kwa mkono wa mwingine. Kijiti kibichi hakiulizi mkono huu ni wa nani.

Hapo tulimkumbuka yule baba na swali lake. Mwanawe hakubadilika alipofika mjini. Aliendelea kuwa yule yule, mwema, msikivu, asiyemkatalia mtu. Nyumbani hakumkatalia baba, na mjini hakuwakatalia wezi. Hakupata kufundishwa kukataa. Kila alipojaribu kurudi kwenye unyofu wake alikuta mkono uko juu yake, mpaka akasahau kwamba ana unyofu.

Tunajua kuna msomaji atakayesema: basi mnatufundisha tuwaache watoto wafanye wapendavyo? La, hasha. Ubao usiokunjwa kamwe si upinde. Ni ubao tu, na mwisho wake ni kuni au kuzibia dirisha. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hauna tupa laini. Upinde hufundishwa kukunjwa, tena mara mamia, lakini kwa utaratibu wake, na utaratibu huo tutaueleza kidogo maana umejaa mafundisho.

Kwanza ubao huchorwa kwa penseli na kupunguzwa kwa randa. Katikati, mahali pa kushika, huachwa mnene. Ile mikono miwili hupunguzwa kidogo kidogo kuelekea ncha. Mgongo hauguswi tena ukiisha kulainishwa; kazi yote hufanywa tumboni kwa randa, kwa tupa, na mwisho kwa msasa. Kisha upinde huwekwa juu ya mti wa kupimia, nao ni ubao uliosimamishwa wenye mapengo ubavuni. Ugwe huvutwa hadi pengo la kwanza tu, na fundi hurudi nyuma hatua kadhaa atazame. Je, mikono yote miwili inakunjika sawasawa? Kuna mahali pamekaza kama mfupa? Kuna mahali panapokunjika kupita kiasi kama kiwiko? Akiona, huushusha, huondoa unyoya mmoja wa mti, huuvuta tena mara thelathini kwa upole ili nyuzi zizoee, na kutazama tena. Kabla mkunjo haujawa sawa, ugwe hausogezwi pengo la pili. Kazi hii yaweza kuchukua siku nyingi. Kijana mmoja aliuliza, "Mwalimu, mbona hatuchongi, tunatazama tu?" Tulimjibu kwamba kutazama ndiko kuchonga.

Yamo humo mafundisho mawili makubwa. La kwanza ni hili: fundi hupunguza pale palipokaza, na pale palipo dhaifu hupaacha kabisa. Hapagusi. Mtu asiyejua angedhani haki ni kuipa mikono yote miwili idadi ileile ya mapigo ya randa. Upinde wa namna hiyo ungevunjika siku ya kwanza, maana hakuna ubao wenye mikono miwili inayolingana. Lengo ni mkunjo ulio sawa, na ili mkunjo uwe sawa mapigo hayana budi kutofautiana. Mzazi asemaye, "Mimi watoto wangu wote nawachapa sawasawa, sina upendeleo," amehesabu mapigo wala hakutazama mkunjo. Kuna mtoto ambaye neno kali moja humtosha mwaka mzima, na kuna mwingine asiyesikia mpaka arudiwe mara saba. Kuwatendea sawasawa ni kumwonea mmoja wao.

Fundisho la pili lahusu unene. Twaomba wasomaji watuvumilie kwa hesabu kidogo. Upana wa upinde ukiongezwa mara mbili, ugumu wake huongezeka mara mbili. Lakini unene ukiongezwa mara mbili, ugumu huongezeka mara nane. Kwa hiyo ukipunguza unene kwa sehemu moja tu ya kumi, umeondoa zaidi ya robo ya nguvu yote. Ndiyo sababu fundi mwanafunzi huvunjwa moyo: anapiga tupa kidogo, haoni tofauti, anapiga tena, haoni, anapiga mara ya tatu, na upinde umekuwa laini kama ufito. Na kilichoondolewa hakirudishwi. Machujo ya mti yako pale sakafuni, lakini hakuna gundi ya kuyarudisha mahali pake.

Katika malezi kuna maneno ya upana na maneno ya unene. Kumwambia mtoto, "Kazi hii umeifanya vibaya, irudie," ni kugusa upana. Kumwambia mbele ya wenzake, "Wewe tangu ulipozaliwa huna akili, bora ningezaa jiwe," ni kugusa unene. Msemaji hudhani ametoa unyoya mmoja, kumbe ametoa robo. Tumefundisha miaka mingi, na tumeonana na watu wazima wenye wajukuu wanaokumbuka sentensi moja waliyoambiwa wakiwa darasa la pili, na siku waliyoambiwa, na nguo waliyovaa.

Kuna watu wanaolitegemea neno la kitabu cha Mithali juu ya fimbo, nao hulitaja kana kwamba limefunga mlango. Twawaomba waisome pia Zaburi ya 23, wamwone mchungaji na gongo lake. Gongo lile lamfariji kondoo. Ni la kumwongoza njia na kumfukuzia fisi. Tena twawaomba wamsome Paulo Mtume katika barua kwa Waefeso, sura ya 6, anapowaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao. Na kama mtu anadhani upole huu ni fikra mpya za siku hizi, tumsimulie habari ya mwalimu mmoja wa kale wa kanisa letu hili hili la Anglikana.

Jina lake Roger Ascham. Mwaka 1545 alitoa kitabu kiitwacho Toxophilus, juu ya kupiga upinde, akakiandika kwa Kiingereza wakati ambapo wasomi waliona Kilatini peke yake ndicho kilichostahili vitabu. Mfalme Henry wa Nane alipendezwa akampa malipo ya paundi kumi kila mwaka. Mwaka 1548 akawa mwalimu wa binti mfalme Elizabeth, ambaye baadaye alikuwa malkia, na katika enzi yake Kitabu cha Sala kilirudishwa makanisani mwaka 1559. Basi mwaka 1563, kwa sababu ya tauni iliyokuwako London, wakuu wa nchi walikuwa Windsor. Wakiwa mezani, ikaletwa habari kwamba wanafunzi kadhaa wa shule ya Eton wametoroka kwa kuogopa viboko. Wakubwa wakabishana. Mmoja alitetea fimbo. Ascham alisema watoto huvutwa kujifunza kwa upendo kuliko kwa kipigo. Mazungumzo yale ndiyo yaliyomfanya aandike kitabu kingine, The Scholemaster, kilichochapwa mwaka 1570, miaka miwili baada ya kufa kwake. Mtu yule aliyejua upinde kwa mikono yake ndiye aliyesimama kuwatetea watoto. Hatudhani ni bahati tu.

Miaka zaidi ya mia nne imepita na ubishi ni ule ule. Jirani zetu wa Kenya waliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu, kanuni za mwaka 2002 ziliviwekea mpaka: visizidi vinne, vitolewe kwa idhini ya mwalimu mkuu, viandikwe katika kitabu. Hata hivyo mwaka 2018 nchi nzima iliomboleza mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Kagera aliyefariki baada ya kupigwa shuleni, na mwaka uliofuata mahakama ikamtia hatiani mwalimu wake. Twalitaja jambo hili kwa huzuni, bila kunyoosha kidole, maana mpaka wa kisheria haumzuii mtu ambaye jicho lake halitazami mkunjo. Kanuni huhesabu mapigo; haiwezi kuona nyuzi.

Turudi karakanani. Kati ya pinde tatu, mbili zilikamilika. Zinavutwa kwa uzito upatao kilo 14, nazo zinatosha kabisa kwa gunia la majani. Ya tatu ilivunjika. Kijana aliyeichonga alikuwa fundi kuliko wenzake, lakini marafiki walipita akataka kuwaonyesha. Aliuvuta ugwe hadi mwisho kabla mikono haijalingana, na upinde ukakatika mahali palipokuwa dhaifu kwa mlio kama wa bunduki. Hakuna aliyemkemea. Alikaa na vipande viwili mapajani muda mrefu.

Na hapo mfano wetu unafika mwisho wake, kama mifano yote ifikavyo. Upinde ukivunjika ni kuni. Mwanadamu akivunjika, bado ni mwanadamu, na yuko Fundi ambaye haogopi vipande. Petro alimkana Bwana mara tatu usiku mmoja, akalia. Bwana hakumtupa motoni. Alimkuta ziwani, akamtayarishia samaki na mkate, akamwuliza swali lile lile mara tatu, mara moja kwa kila kosa, kisha akamkabidhi kazi. Seremala wa Muheza hawezi kurudisha machujo mahali pake. Seremala wa Nazareti anaweza. Lakini neema ya Mungu isiwe kisingizio cha uzembe wetu. Anayejua kuunga mifupa hafurahi kuona watu wakivunjana kwa makusudi.

Liko jambo moja la mwisho walilofundishwa vijana: upinde ukiisha kutumika, ugwe hufunguliwa. Ukiachwa umefungwa usiku kucha, hata mti mkavu hujifunza kubaki umekunjwa. Wazee wa jangwani wasimulia kwamba mwindaji mmoja alimwona Antoni wa Misri akicheka na ndugu watawa, akachukizwa. Antoni akamwambia apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine, mpaka mwindaji akalalamika kwamba upinde utavunjika. Antoni akamjibu kwamba ndivyo ilivyo kwa ndugu wale pia. Watoto wetu huamka saa kumi alfajiri, hurudi jioni, huenda masomo ya ziada Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada hukalishwa tena mezani. Ugwe unafunguliwa lini?

Tujibu sasa swali letu. Kulea ni kukunja, ndiyo, lakini ni kukunja kwa upinde. Twamkunja mtoto ili azifahamu nguvu zake na aweze kurudi, siyo ili abaki na umbo la mkono wetu. Na dalili ya kwamba tumefaulu ni hii: siku ikimpasa kukataa, atakataa. Tuwakumbuke wale vijana wa kitabu cha Danieli. Walisomeshwa miaka mitatu katika shule ya mfalme wa Babeli, wakafaulu kuliko wenzao wote, wakawa watumishi waaminifu wa serikali. Lakini sanamu iliposimamishwa na watu wote wakainama, Shadraka, Meshaki na Abednego walibaki wamesimama. Walimjibu mfalme kwa heshima, bila tusi, bila kelele, na hawakuinama. Waliowalea Yerusalemu walikuwa wameuchagua mti mkavu.

Kwa hiyo twawashauri wazazi jambo dogo, na twalijua kuwa ni gumu. Nyumbani mwenu, mtoto asemapo, "Samahani baba, hapana, naona si sawa," msione mara moja kwamba ni ukaidi. Msikilizeni mpaka mwisho. Huenda amekosea, nanyi mtamwonyesha. Shikamoo yake iko palepale na heshima yenu haikupungua. Lakini mkimruhusu kusema neno hilo kwenu ninyi mnaompenda, mmempa zoezi la kulisema siku moja kwa mtu asiyempenda.

Yule baba tulimwambia hayo kwa upole tulivyoweza. Alinyamaza, kisha akauliza kama si kuchelewa. Tulimwambia aende akamtazame mwanawe, na akifika asimpe maagizo. Amwulize tu anafikiri nini juu ya yaliyotokea, kisha angoje jibu, hata likichukua saa nzima. Amekwenda mara mbili. Safari ya kwanza kijana alisema, "Ndiyo, baba," kwa kila neno, kama alivyozoea. Safari ya pili, baba anatuambia, kijana alinyamaza muda mrefu, akainua macho, akasema, "Hapana baba, haikuwa hivyo." Kesi yake haijaamuliwa. Twaomba parokia iwakumbuke wote wawili katika sala.